Soksi ya Mjomba

Mtaa mzima ulimwita Kinyaa, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa kinyozi, na wanaume walipenda kunyolewa kwake kwa sababu mashine zake alizipangusa kwa spiriti mpaka zikang'aa, na kitambaa kilichofungwa shingoni mwa mmoja hakikugusa shingo ya mwingine. Kwa kinyozi hiyo ni sifa. Lakini huyu bwana alizidisha. Ukimpa mkono, ule mkono wake hakuushusha tena. Aliuacha ukining'inia mbali na suruali mpaka apate sabuni. Milango aliifungua kwa kiwiko. Mtoto akipiga chafya ng'ambo ya barabara, yeye huku alifunga dirisha.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa mtoto wa mbwa. Makubwa!

Chanzo ni mapenzi, kwani kuna kingine? Alimpenda fundi wa mapazia, mjane mwenye cherehani yake upande wa pili wa barabara, mwanamke mcheshi asiyejua kukaa bure. Alikuwa amemwambia waziwazi kwamba anataka kumwoa. Fundi hakukataa wala hakukubali. Siku aliyokuwa anasafiri kwenda kumwangalia mama yake mgonjwa, aliingia saluni na kikapu, akakitua juu ya meza, katikati ya poda na vitana. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia chenye tumbo la duara na tongo machoni.

"Anaitwa Meneja," alisema. "Mama yake alikuwa mbwa wa marehemu mume wangu. Alikufa akizaa, akabaki huyu peke yake. Nakuachia mpaka nirudi."

"Mimi?" Kinyaa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kioo. "Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nisikilize. Marehemu aliugua muda mrefu kabla hajafa. Nilimgeuza, nilimwosha, nilifua yote. Unanielewa? Yote. Na mimi ipo siku nitalala vile vile. Sasa niambie, nani atanishika? Wewe unayefungua mlango kwa kiwiko?"

Kinyaa akakitazama kiwiko chake.

"Nikirudi nitakuja na mjomba wangu. Nikimkuta huyu ana afya na ana adabu, tutazungumza habari zetu. Nikikuta umemtupa uani kama gunia la taka, basi, tubaki majirani, tusalimiane vizuri."

Akatoka. Meneja akajinyoosha, akachuchumaa humo humo kikapuni, akakojoa. Mkojo ukapita kwenye matundu ya kikapu, ukachuruzika mpaka kwenye vitana.

Kuna watu wanasema mtoto wa mbwa anapendeza. Waache waseme, hawajaishi naye chumba kimoja. Kinyaa alilala katika chumba kidogo nyuma ya saluni, na asubuhi ya kwanza tu aliposhusha mguu kitandani, ulitua kwenye kitu laini, cha vuguvugu, kikapenya katikati ya vidole. Mama wee! Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameshikilia ukuta, macho yamemtoka, anaogopa hata kuangalia. Alipoangalia, akatapika. Meneja akaja mbio, mkia unacheza, akaanza kulamba matapishi.

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Yule mnyama alikunya chini ya kitanda, alikunya ndani ya kiatu, alikunya nyuma ya mlango ili mlango ukifunguliwa upake sakafu nzima. Alikula mavi yake mwenyewe, kisha akaja kumlamba Kinyaa kifundo cha mguu kwa ulimi ule ule. Ptuu! Kubwa kuliko yote, alikula nywele. Mteja akinyolewa, Meneja alikuwa chini anazoazoa vishungi kama mtu aliyeitwa karamuni. Sasa, nywele haziyeyuki tumboni. Siku moja akiwa uani alianza kuzunguka huku analia, na kumbe mavi yamemning'inia nyuma, nusu yametoka nusu yamekataa, yamefungwa na nywele za wanaume wa mtaa. Ilibidi Kinyaa avute. Alivaa glavu mbili mbili, barakoa, na mfuko wa plastiki juu ya glavu, akavuta huku amegeuza uso na kumwomba Mungu msamaha wa dhambi zote. Jioni hakula.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," muuza dawa za mifugo, mteja wake wa siku nyingi, alimtania.

"Nimeinama mpaka mgongo unaniuma," alisema Kinyaa, "na cha uvunguni chenyewe ni mavi!"

Muuza dawa alicheka mpaka mashine ikabidi izimwe. Kisha akamwonea huruma. "Si una magazeti ya wateja hapo? Ya zamani yatandike chini, pale pale kila siku. Ukimwona ananusanusa na kuzunguka, mbebe umweke juu. Akimaliza, msifu. Hapo hapo, kwa sauti ya furaha, umpigie na makofi."

"Nimsifu kwa kunya?"

"Msifu kama mtoto aliyeshinda mtihani. Na usimpige. Ukimpiga atajificha, na utatafuta kwa pua."

Neno la kutafuta kwa pua ndilo lililomtisha. Kinyaa akatandika magazeti kwenye pembe ya chumba. Mara ya kwanza Meneja alipojisaidia juu ya gazeti, Kinyaa alisema "Vizuri sana" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Mbwa hata hakugeuka. Basi akajikaza, akashusha barakoa, akapiga makofi: "Vizuri sana, Meneja! Mtoto mzuri!" Harufu ikamwingia mpaka kwenye koo. Lakini yule mdogo aliruka, akazunguka, akafurahi kama kapewa cheo. Na tangu hapo, kila haja ilipomshika alitafuta gazeti. Sakafu ikabaki kavu. Kinyaa aliendelea kusifu kwa kinywa na kulaani kwa moyo, na kuokota kwa glavu mbili mbili, mpaka sifa zikawa zinamtoka zenyewe.

Fundi alirudi pamoja na mjomba wake, mzee mrefu, mkavu, ambaye suruali yake ilipigwa pasi ikaweza kusimama peke yake. Kinyaa alikuwa amesugua saluni tangu alfajiri. Glavu zilikuwa mezani, tayari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mjomba alizungusha macho, hakuona pa kulaumu, akaketi kwenye benchi la wateja. Fundi alimbeba Meneja, akamkagua macho, masikio, tumbo. Alitabasamu. Kinyaa akaona tabasamu lile, naye akatabasamu.

"Na adabu?" aliuliza Fundi.

"Hachafui sakafu. Mweke chini umwone."

Wakati huo viatu vilikuwa vinambana mjomba baada ya safari. Alivivua. Naye alikuwa mtu nadhifu. Hakutaka soksi zake nyeupe ziokote nywele. Akachukua gazeti kwenye benchi, akalitandika chini, akaweka miguu juu yake.

Fundi alimshusha Meneja, naye akaliona gazeti. Alilinusa. Alizunguka, akazunguka tena, akachuchumaa, akamwaga yote, laini, ya manjano, mengine kwenye habari za michezo na mengine kwenye soksi ya mjomba.

"Vizuri sana, Meneja!" Kinyaa alipiga makofi kwa nguvu zake zote. "Mtoto mzuri!"

"Vizuri?" alisema mjomba. "Ati vizuri?"

Aliinuka kwa hasira, mguu ukateleza, akayumba. Kinyaa akamdaka, akamketisha, akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, mjomba, nisamehe, usitikise mguu, yatasambaa." Aliivua ile soksi, akaikunja ndani ndani, akaitupa kwenye ndoo. Uchafu ulikuwa umepenya. Akavuta beseni la maji ya sabuni, akaushika ule mguu wa mzee, wenye mishipa na kucha ngumu, akaanza kuuosha, kisigino, wayo, kidole kwa kidole, na katikati ya vidole, pole pole, huku anarudia, "Pole mjomba, inatoka, inatoka." Mjomba alifungua kinywa amtukane, kisha akakifunga. Meneja alikaa kando anasubiri asifiwe tena.

Fundi hakuwa anamwangalia mjomba wala mbwa. Alikuwa anaangalia mikono.

"Kinyozi," alisema kwa sauti ya chini, "glavu zako ziko wapi?"

"Mezani," alijibu bila kuinua uso. Kisha akaelewa. Akaitazama mikono yake mitupu, imepakaa mpaka kwenye kucha. Kile kinyaa chake kikampanda, mate yakamjaa. Lakini mguu wa mzee ulikuwa bado una povu, hakuuachia. Akausuuza, akaufuta kwa taulo safi, akauweka taratibu juu ya benchi.

"Mjomba, tuzungumze sasa?" aliuliza Fundi.

Mjomba aliutazama mguu wake, akamtazama kinyozi aliyekuwa bado amepiga magoti. "Aende akanawe kwanza," alisema. "Halafu aje aketi hapa, karibu yangu."

Kinyaa akaenda uani, mikono ameinyoosha mbele, mbali na suruali. Mlango aliufungua kwa kiwiko, na Fundi akamfuata na sabuni.