Kidole cha Kurosu

"Kona ya kushoto, nyufa hakuna. Sawa!"

Kurosu Tamotsu alinyoosha mkono wote mpaka ncha ya kidole, akaitazama ile kona, akatamka kwa sauti. Ndiyo kanuni ya chelezo, karakana ya meli, pale mjini Kure, wala si mapambo. Jicho huona, kidole huonyesha, kinywa husema kilichoonekana. Asiyetamka hajakagua. Kwa miaka arobaini na miwili alikuwa amefanya hivyo, na hata nyumbani hakutoka bila kulinyooshea kidole jiko la gesi.

Chini ya buti zake ilitandaa sitaha bapa ya meli, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira. Kazi yake ilikuwa kuipulizia utando wa kijivu usioungua, maana ndege za kivita zitakazotua hapa hushuka wima na kutema moto chini. Alikuwa fundi hasa. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa sitaha, kilikuwa langoni.

Langoni, kila Alhamisi, alisimama dada yake Sumie, mwenye miaka sabini na mitatu, ameshika bango. Baba yao alikuwa baharia wa manowari ya ndege, meli ya vita ibebayo ndege, iliyoteketea vitani. Alirudi na vidole vilivyogandana kwa moto, akawa anakula wali vijiti vikiwa vimebanwa kiganjani mpaka alipokufa. Jumapili hii ilikuwa ibada ya mwaka wa kumi na tatu tangu kifo chake, na madhabahu ya ukoo ilikuwa nyumbani kwa Sumie. Asubuhi ile ya Alhamisi Sumie alikuwa amemzuia njia mdogo wake.

"Unajenga nini humo?"

"Dada, watu wanapita."

"Wapite. Nimekuuliza, unajenga nini?"

"Meli ya kusindikiza," alinong'ona jina lake rasmi.

Sumie alicheka kicheko kikavu. "Basi Jumapili usije. Siku utakayokitaja hicho kitu kwa jina lake, bila kunong'ona, ndiyo siku nitakayoondoa komeo la mlango wangu. Baba hahitaji ubani wa mwongo."

Maneno hayo yalikuwa bado yanamchoma Kurosu wakati Ikegami, msimamizi wao, alipopanda sitahani. Nyuma yake mbali kidogo walifuata wajumbe wa mtaa na mwandishi mmoja wa gazeti.

"Mzee Kurosu, kadi hii hapa. Isome kama ilivyoandikwa." Ikegami aliwageukia mafundi, akashusha sauti. "Na nyie sikilizeni. Kwa katiba, nchi yetu inajilinda tu. Ndege zitakuja, zitaondoka, hazitalala humu. Kwa hiyo hii si manowari ya ndege. Hilo neno sitaki kulisikia hata chooni."

"Mimi nyumbani nalala siku mbili kwa wiki," alisema Hamasaki, fundi wa mabomba ya kupulizia. "Kumbe mke wangu hana mume."

Wenzake waliangua kicheko. "Endelea na hilo domo lako, litakuponza," Ikegami akamwambia.

Kurosu hakucheka. Alimchukia Ikegami kwa kadi yake, akamchukia Sumie kwa bango lake, na yeye mwenyewe alijichukia zaidi. Alianza kukagua mbele ya wageni. Unene, sawa. Maungio, sawa. Ukavu, sawa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, na wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika.

Ukabaki mstari wa mwisho. Kadi ilisema: sitaha ya meli ya kusindikiza, imekamilika. Lakini katika miaka yote ile Kurosu hakuwahi kunyoosha kidole huku macho yakiwa kwenye karatasi. Aliinua uso. Aliona njia ndefu ya njano ya kurukia, aliona omo, pua ya meli, iliyokatwa ikawa ya mraba ili ndege zipate nafasi, na kinywa kikalifuata jicho kama kilivyozoea.

"Sitaha ya manowari ya ndege, imekamilika. Sawa!"

Mwandishi alifungua daftari. Ikegami aliwainamia wageni mara tatu kuomba radhi, kisha akamvuta Kurosu pembeni.

"Vua kofia. Usirudi mpaka uitwe."

"Nimesema nilichokiona."

"Hatukulipi kuona."

Kurosu akatoka bila kofia. Pale langoni alisimama mbele ya Sumie, jua la mchana likimpiga utosini, askari wa lango wakisikia.

"Ni manowari ya ndege," alisema. "Nimelisema mbele yao wote. Wamenifukuza."

Sumie alishusha bango. Uso wake ulianza kulainika, kisha ukasita.

"Huo utando usioungua ni kazi ya mikono yako?"

"Ni yangu."

"Utabanduka?"

Angejibu ndiyo, Jumapili ingekuwa yake. Akaona aibu hata kwa kulifikiria.

"Hautabanduka, dada. Nimeupaka vizuri."

Sumie aliinua tena bango, akaliweka mbele ya uso wake, Kurosu akabaki anatazamana na maandishi.

Jumapili alifika kwa dada yake amevaa suti nyeusi, mkononi ana ubani na kasha la maandazi ya maharagwe aliyoyapenda baba. Ndani kengele ya madhabahu ilikuwa inalia. Hakubisha hodi. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukanyooka mpaka ncha ya kidole.

"Mlango, umefungwa," alisema taratibu. "Komeo..."

Akainama, kidole bado kimenyooka, akasogeza jicho kwenye ufa wa mlango aone kama limeondolewa.