Vitanzi vya Mashua ya Michenga

Jumanne, tarehe tisa Aprili, mwaka elfu mbili ishirini na nne, saa nne asubuhi, ndipo maisha ya Polikarpo yalipoharibika. Watu wa ofisini waliandika kwenye taarifa yao "mwezi Aprili", kana kwamba mtu hufa mwezi mzima.

Mwaka ule maji yalifunika bonde. Barabara ya kwenda Ifakara haikupitika, na mradi ukaleta mashua mbili za tanga za kuvusha watu, moja hapo kijijini Michenga, nyingine upande wa Chita. Polikarpo, mvuvi wa mto tangu ujana, akapewa kazi ya kamba. Upepo ukizidi, tanga hupunguzwa: unalishusha kiasi, halafu unavuta kamba ya kubana pembe yake kwenye mti wa chini. Sasa kile kinachoshikanisha kamba na tanga ndicho hurukaruka hewani tanga likilegea, tena usawa wa vichwa vya abiria. Kwa hiyo Polikarpo alisuka vitanzi vya kamba laini, kila kimoja na fundo lake la kufungia. Kitanzi kikikupiga usoni unatukana kidogo, safari inaendelea.

Halafu ikatangazwa kuwa mgeni rasmi anakuja kuzindua. Mambo ya mgeni rasmi mnayajua, hata mawe hupakwa chokaa. Injinia Remigius, msimamizi wa mradi, alivitazama vile vitanzi akakunja pua.

"Mzee, hizi kamba za kufungia mbuzi. Picha zinakwenda Dodoma."

Vikafunguliwa, zikawekwa pingu za chuma za kuunganishia kamba, zinazong'aa, nzito kama ngumi. Polikarpo alipouliza vyake viko wapi, injinia akamjibu kuwa takataka zimetupwa. Akanyamaza, maana kibarua alikuwa anakitaka. Hilo la kunyamaza hajamwambia mtu mpaka leo.

Jumatatu mgeni rasmi akapiga picha, akaondoka. Jumanne Tekla, mke wa Polikarpo, akapanda na kikapu cha mayai ya kumpelekea binti yao Agnetha, aliyejifungua Ifakara. Katikati ya maji upepo ukaja wa ghafla. Polikarpo akashusha tanga kwa mikono yake mwenyewe. Likalegea, likapigapiga, na pingu ikamtwanga Tekla kwenye panja. Halikuvunjika yai hata moja. Tekla hakufika ng'ambo akiwa hai.

Mwaka na miezi miwili baadaye Remigius alikuja kwa Polikarpo, ameongozana na Dionisi, mtendaji wa kijiji.

"Shikamoo, mzee."

Polikarpo aliendelea kupalilia mchicha. Marahaba alikuwa nayo, ila hakuona wa kumpa.

"Mzee Poli, unaamkiwa," alisema Dionisi.

"Nimesikia. Masikio hayakuzikwa."

Remigius alikohoa. Akaeleza kuwa mashua ya Michenga inarudi majini, na safari hii wanataka vitanzi laini. "Wewe ndiye fundi wetu, mzee wangu."

"Mimi fundi wa mbuzi."

"Tusirudi nyuma. Ile ilikuwa ajali, mipango ya Mungu."

"Mungu hakuagiza pingu dukani."

Dionisi alitaka kucheka, akajikuna shingo. Remigius akaingiza mkono mfukoni haraka haraka, akatoa kitanzi. "Nimekuletea mfano. Vya namna hii viko kwenye mashua ya Chita, na havijamuumiza mtu."

Polikarpo alikipokea kwa mkono wa kushoto, ule anaosukia. Ncha ya kamba ilikuwa imechomekwa kushotoni, ikazungushiwa uzi wa bluu wa kufumua kwenye gunia la mpunga. Alikigeuza mara mbili. Mtu hapotei kwa kazi ya mkono wake.

"Hiyo mashua ya Chita anapanda nani?" aliuliza, sauti ya chini.

"Watumishi wa mradi," Dionisi alijibu bila kufikiri. "Hata injinia mwenyewe kila Ijumaa anavukia hiyo."

"Na hivi vilifungwa lini?"

"Mbona siku nyingi? Nilipanda nao Jumapili ya kabla ya uzinduzi, vilikuwepo." Kisha akamwona injinia anavyomtazama, akarudi nyuma hatua moja.

Polikarpo alitupa jembe kwenye mchicha, akamsogelea Remigius mpaka kitanzi kikagusa kidevu cha injinia.

"Uliniambia wewe, kwa mdomo huo huo, takataka zimetupwa. Sasa nijibu, mtendaji yupo anasikia. Kama ni takataka, kwa nini ulivifunga juu ya kichwa chako, ukamwachia Tekla chuma?"