Chomoa Kwanza

Najua hutaniamini. Mimi mwenyewe, kama si hili tundu kwenye aproni yangu, ningesema nimeota. Msumari wa inchi mbili ulitoka kwenye bunduki ya misumari, ukaruka hewani hatua nzima, ukaingia kwenye simu yangu ikiwa mfukoni, na ncha yake ikanichubua paja kama ukucha wa paka. Simu ikafa, mimi nikabaki. Lakini hilo wala si la ajabu. La ajabu ni mtu aliyekuwa ameishika hiyo bunduki.

Alikuwa shangazi yangu.

Ngoja nikueleze. Karakana yetu inatengeneza makasha ya mbao ya kubebea matunda. Tuko watu sita, meza nne, na kompresa moja ya kuzipa bunduki hewa, inayokoroma kwenye kona kama mzee aliyeshiba. Shangazi ndiye msimamizi, na hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bi Chomoa, kwa sababu neno lake ni hilo. Msumari umekwama ndani ya mashine? Chomoa mpira wa hewa kwanza, ndipo uguse. Unataka kuifuta vumbi? Chomoa. Unakwenda chooni? Chomoa. Siku moja Mrefu, fundi wa meza ya tatu, alipaliwa na chai akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na pumzi iliporudi kidogo alimwangalia shangazi akasema, "Nichomoe kwanza, mama, ndio unipige mgongoni." Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufika. Anafungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, maji yaliyojikusanya yanatoka yakiwa mekundu kwa kutu. Anatia matone matatu ya mafuta kwenye tundu la hewa la kila bunduki, si manne. Mpira anaupapasa wote kwa vidole, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Mwisho anakagua mdomo.

Mdomo ni kile chuma cha mbele. Usipoukandamiza kwenye mbao ukarudi nyuma, bunduki haifyatui, hata ubane triga mpaka kesho. Sasa kuna mafundi wenye haraka zao, wanaurudisha nyuma na kuufunga kwa waya ili wapige misumari bila kukandamiza. Kazi inakimbia kweli. Ila hapo umeshika kitu kisichojua mbao ni ipi na mtu ni yupi. Ukutani shangazi aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake: ANAYEFUNGA MDOMO WA MASHINE AENDE KWAO. Wawili walishakwenda. Geti aliwafungulia yeye.

Mimi napiga misumari meza ya pili, mkabala naye, na simu haikauki mkononi. Kila kitu narekodi. Jumatatu nilirekodi mikono ya shangazi ikipiga kasha zima, ta-ta-ta, nikitaka kuiwekea muziki. Jumanne wakati wa chai nikaipunguza kasi ili niikate vizuri. Nikaona kitu. Nikairudisha nyuma, nikaikuza kwa vidole viwili. Mdomo wa bunduki yake ulikuwa umekaa nyuma, hausogei, na juu yake kumezungushwa utepe mweusi. Pembeni mwa utepe, ncha ya waya ilikuwa inang'aa.

Chai ikanipoa mkononi.

Jioni nilimkuta uani anakamua nguo. Nikaona leo, sijui kwa nini sikuwahi kuona, kwamba hakamui kwa viganja. Anaibana nguo kwapani, anaizungusha kwa mkono wa kushoto. Nikamwekea simu mbele ya macho.

"Shangazi, hii ni nini?"

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko video yenyewe.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

"Basi iishie hapo." Akanipa mkono wa kulia, umelowa. "Hebu nikuminye. Unasikia chochote?"

Nilisikia maji baridi tu.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Tangu mvua zilipoanza. Ukandamize ule mdomo mara elfu kwa siku, na kiganja kinawaka moto. Asubuhi nikikwambia niunganishie mpira, ulidhani najifanya bosi?"

Kusema kweli, ndivyo nilivyodhani. Nilidhani ni ukubwa.

"Mwambie Bosi basi. Atakuelewa."

"Nimwambieje? Kwamba mkono umestaafu, mimi bado?"

"Na yale maandishi ya ukutani?"

"Niliyaandika mimi, mwanangu. Usinisomee." Akageuka kuanika. Akaanika shati lilelile mara mbili. Halafu akasema akiwa amenipa mgongo, "Oda inakwisha Ijumaa. Nitautoa waya, nitakwenda mwenyewe kusema. Nipe mpaka Ijumaa."

Huyu ndiye aliyekuja kwenye vikao vyote vya wazazi shuleni kwetu, unga wa mbao umemganda kwenye kitambaa cha kichwa, akakaa mstari wa mbele. Kuniomba mimi kitu? Labda chumvi. Nikasema sawa. Neno lenyewe fupi, halikuchukua hata pumzi moja. Halafu nikafuta video? Sikufuta. Wala usiniulize kwa nini.

Jumatano nzima sikurekodi chochote. Kila akiinua bunduki, mimi nilikuwa nahesabu siku.

Alhamisi saa nne, nilizunguka meza yake kuchukua vibao. Aliinua bunduki kwa mkono mmoja, kiganja kikalegea. Bunduki ikataka kudondoka, akaikaba ili isianguke, na katika kuikaba, kidole kikabana triga. Kama mdomo ungekuwa huru, ingekuwa kelele ya chuma kwenye meza, basi.

Ta.

Nilidhani nimepigwa na kibao. Kisha paja likapata moto, na mfuko ukaanza kufuka moshi. Shangazi alinifikia kabla sijaelewa. Kwa mkono wa kushoto aliichopoa simu na kuitupa kwenye ndoo ya mchanga, ile aliyoiweka kwa ajili ya moto nasi tukamcheka, ikazama ikifuka. Akapiga magoti, akanipapasa mguu juu mpaka chini kama anavyopapasa mpira wa hewa.

"Umeingia? Niambie, umeingia?"

"Haujaingia, shangazi. Umenigusa tu."

Akaweka paji la uso wake kwenye goti langu. Sekunde moja tu. Akainuka.

Bosi alikuwa ameshafika. Ni kijana, karakana aliachiwa na baba yake, na aliyemfundisha kushika nyundo ni shangazi. Aliinamia bunduki mezani bila kuigusa. Utepe ulikuwa umebanduka, waya uko nje.

"Nani kafunga huu mdomo?"

Macho yakaanza kuhama, moja baada ya jingine, yakatua kwa Mrefu.

"Jana mchana uliiazima wewe," Bosi akamwambia.

"Dakika kumi, Bosi. Yangu ilikuwa imekwama."

"Na mwaka jana, kabla ya haya maandishi, nilikuonya kwa jambo hilihili."

"Ulinionya. Ndiyo maana sikurudia." Mrefu alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Ana watoto watatu, na mdogo hajaanza kutembea. "Mama, si unanijua. Mwambie."

Shangazi aliigeukia bunduki. Alisema, "Hewa bado imo. Chomoeni kwanza," kisha, kwa kuwa hakuna aliyesogea, akaenda mwenyewe.

Kwenye kiungo cha mpira kuna pete ya chuma. Unaivuta nyuma kwa vidole viwili, mpira unatoka. Mtoto anaweza. Aliivuta, vidole vikateleza. Akavifuta kwenye aproni, akavuta tena. Mara ya tatu alitumia mikono yote miwili, na ule wa kulia ulikuwa unatetemeka wazi, mbele ya watu wote, chini ya maandishi yake mwenyewe.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nikaivuta pete. Hewa ikatoka, psss, bunduki ikanyamaza.

Bosi aliutazama mkono wa shangazi. Akautazama waya. Akamtazama Mrefu, akainamisha uso kidogo, kisha akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole.

"Wewe na yeye mnaishi nyumba moja. Ulikuwa unajua?"

Mkono wa shangazi bado ulikuwa chini ya wangu. Nikasikia kitu. Ulikuwa unajaribu kuniminya, na sikuweza kujua unaniambia nyamaza au unaniambia sema, maana haukuwa na nguvu ya kutosha kusema lolote.

Wewe ungemjibuje?