Ng'ombe wa Nyanda Wanapolala

Mwanzoni mwa Juni, Nyamizi akiwa jikoni anapuliza moto wa kuni mbichi na kuutukana, mumewe Nyanda alitoka nje kwenda kunawa uso akakuta ng'ombe wake wamelala bondeni, juu ya matuta ya viazi. Walikuwa wamekuwa mawingu, lakini mfugaji hapotezwi na jambo dogo kama hilo. Alimtambua Mahari kwa pembe iliyopinda na Tabu kwa mgongo ulioshuka katikati. Dume jekundu sasa lilikuwa la kijivu kama wenzake wote, ila bado lilijitenga na kulala peke yake kwa kiburi. Nyanda alirudi ndani akamwambia mkewe kwamba ng'ombe wamekuja, na Nyamizi akauliza kama wamekonda.

Ng'ombe hao walikamatwa Usangu, mwaka ambao wafugaji waliambiwa wahame ili maji yalindwe. Walifungiwa zizini wakisubiri uamuzi, na uamuzi ulipofika walikuwa wameshakufa kwa kiu. Inauma kusimulia, na waliofanya hivyo hawajaulizwa mpaka leo. Nyanda na Nyamizi walipanda milimani, upande wa Mufindi, ambako mkulima mmoja aitwaye Tadeo Kalinga aliwapa kipande cha shamba na kibanda alichokuwa akihifadhia mbolea. Hawakutaka utajiri tena. Walitaka mahali ambapo hakuna mtu angekuja kuwaambia wahame.

Huku juu, kiangazi hulimwa mabondeni kwenye unyevu, katika matuta yanayoitwa vinyungu, na adui wa vinyungu ni anga jeupe. Mawingu yakikosekana usiku, asubuhi sakitu imetanda kama chumvi, na jua likitoka majani ya viazi yanageuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Sakitu ya kwanza ya mwaka huo iliunguza majani bonde zima, isipokuwa pale ng'ombe wa Nyanda walipolala.

Tadeo hakuwa mtu wa kuchelewa kuona faida. Alifika kibandani, akasalimia "Kamwene," akakaa kwenye kigoda na kuzungumzia upepo kwa muda mrefu kabla ya kuomba alichojia. Aliomba ng'ombe walazwe kwenye kinyungu chake, kama ambavyo wakulima wa kule Usangu walikuwa wakimwomba mfugaji alaze mifugo kwenye mabua ili wapate samadi. Nyanda alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, ule mrefu unaoshuka mwishoni. Mawingu yaliyokuwa yametawanyika ukingoni mwa mlima yalijikusanya, yakapita kwa mstari kati ya misonobari, yakalala juu ya viazi vya Tadeo. Tadeo alishukuru akaenda zake kula.

Baada ya hapo kijiji kizima kikaweka zamu. Nyanda aliletewa kande, mbaazi na hata blanketi, na wanunuzi wa viazi waliotoka Mbeya waliambiwa huyu ndiye mwenye ng'ombe, wakampa mkono. Mtu mwingine angetulia. Yeye hakutulia hata kidogo. Julai upepo ulipoanza kuvuma kutoka kusini mashariki, alikuwa akipanda kilima na kushuka, anaacha chakula katikati kwenda kuchungulia anga. Mawingu ya asubuhi yalikuwa mazito, mchana yakachanika, jioni yakarudi mengine asiyoyajua, akayafukuza. Nyamizi alimwambia akae chini, atamaliza viatu. Nyanda alijibu kwamba watu wakikupenda namna hii lazima kuna jambo linakuja.

Jambo lilikuja kwa pikipiki. Gideoni, mtendaji wa kijiji, alizima injini, akavua helmeti na kutazama juu kwa makini. Kisha akamwambia Nyanda kwamba ameingiza mifugo kwenye chanzo cha maji bila kibali.

"Lakini mtendaji, wenyewe si ndiyo maji?" Nyanda akauliza kwa heshima.

Gideoni alikubali kuwa ni kweli, hata koti lake lilikuwa limelowa. "Ila sheria inasema mifugo," akasema. "Na hao ni mifugo, hilo hubishi."

Nyanda hakubisha. Angewezaje kuwakana ng'ombe wake?

Mkutano wa kijiji uliitwa. Tadeo alisimama kwanza, akaeleza vizuri sana jinsi bila mawingu yale watoto wangelala njaa, na Nyanda akaanza kupumua. Halafu Tadeo akatoa wazo. Ng'ombe wahesabiwe kuwa wa kijiji, maana kijiji kina haki na chanzo chake, na mfugaji, ambaye ndiye mgeni, aondoke. Wanawake wawili watatu walilia. Walipiga makofi pamoja na wengine huku wakilia. Gideoni alisema sasa sheria imetimizwa, akaongeza kwa wema kwamba Ruaha Mbuyuni kuna mashamba ya vitunguu ya kukodi.

Ruaha Mbuyuni ni joto. Nyanda alijua kwamba akiwaswaga, kabla hawajamaliza mteremko wa Kitonga watakuwa wamekauka wote, na hakuwa tayari kuwaua kwa kiu mara ya pili. Akafanya kile ambacho watu wa kwao hufanya malisho yanapokosekana: akawawekesha ng'ombe wake kwa rafiki. Anayewekeshwa hupata maziwa na samadi, mwenyewe hubaki na ng'ombe na ndama, na siku yoyote anaweza kuja kuwaona. Hakuwa na rafiki mwingine, kwa hiyo ilibidi awe Tadeo. Tadeo aliitikia kila sharti upesi upesi, kama mtu anayemsindikiza mgeni huku mvua inakuja. Alifundishwa pia ule mluzi. Alikuwa na pengo mbele, na mluzi wake ulitoka kama wa birika.

Ilikuwa katikati ya Agosti Tadeo alipopiga simu. Nyanda alikuwa shambani Ruaha Mbuyuni, jua linazama, shati limemgandia mgongoni. Tadeo alieleza kwamba anga lilikuwa jeupe, baridi inakuja, na ng'ombe walikuwa wamesimama tu juu ya mlima hawataki kushuka. Simu yake ilikuwa kwenye spika, kijiji kizima kimezunguka.

"Hebu waite, ndugu yangu," akasema. "Wanakusikia wewe tu."

Nyanda aliisogeza simu, akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi. Wakulima wa vitunguu walio karibu waligeuka, wakaona ni mtu anaita ng'ombe wake, wakaendelea kumwagilia. Kwenye simu watu wakaanza kuongea kwa pamoja.

"Wameshuka," Tadeo akasema. "Asante. Kesho tena, saa hizi hizi." Akakata.

Nyamizi, aliyekuwa akitia vitunguu kwenye gunia, aliuliza watu wa kule wamesema nini kuhusu wao kurudi.

"Wamesema wote wameshuka," Nyanda akasema.

Nyamizi alimtazama, kisha akafunga gunia. Nyanda akaenda dukani kuchaji simu, maana betri ilikuwa imebaki kidogo, na kesho kule juu baridi ingekuwa kali zaidi.