Faini ya Kumshangilia Lomayani

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Nimestaafu, sina cha kugombania. Nikiongeza chumvi hata punje moja, ng'ombe wote wa Olbalbal wanipite wakinicheka.

Mwaka 1982 nilikuwa mtunza stoo wa chuo chetu pale Karatu. Kocha wetu wa mpira wa kikapu, Lomayani, alikuwa Mmasai mrefu kiasi kwamba akitafuta wingu la mvua hakuangalia juu, aliangalia pembeni. Ringi tuliipigilia kwenye mkaratusi, kiwanja changarawe, na miaka mitatu hatukufungwa na mtu.

Siku tulipochukua kombe alinipa kondoo jike. Kwa Wamasai, mkipeana kondoo majina yenu yanalala. Mnaitana "Paker" hadi kaburini. Mimi Elimringi, mtu wa Machame, nikawa Paker wake, naye Paker wangu. Karatu nzima hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Kisha akahama. Mkewe Naisenya alipata kazi ya uuguzi kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, naye akaenda kufundisha chuo cha kule kule, mahasimu wetu! Mashabiki tukakutana jikoni kwa Bertha, mpishi wa chuo. Wengine walilia. Mimi nikapanda juu ya gunia la maharage.

"Atakayemshangilia Lomayani, hata kwa kukohoa, atoe kondoo tule wote!"

"Hata wewe, Baba Ndeshi?" Bertha akauliza.

"Hasa mimi!"

Siku ya mechi tulikwenda Oldeani kwa trela la trekta, vumbi hadi kwenye meno. Lomayani akaniona, akanyoosha mkono.

"Paker!"

Nikatazama mibuni kana kwamba naihesabu. "Habari, mwalimu."

Mkono wake ukashuka polepole. Mchezo mzima sikuonja hata karanga.

Na ulikuwa mchezo! Nyani waliteremka kutoka msitu wa Ngorongoro kutazama, na refa alipozubaa mmoja wao akapuliza filimbi. Sekunde za mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kijana wao mmoja, mfupi kuliko mimi, akaruka kwa mtindo ule ule wa Lomayani: goti juu, kiwiko ndani. Mpira ukazunguka kwenye ringi mara arobaini na saba, ukatumbukia.

Kabla hata watu wa Oldeani hawajapumua, upande wetu ikatoka sauti:

"Paker! Paker wangu! Umewafundisha!"

Bertha akageuka. "Nani huyo?"

"Tembo," nikasema. "Wa kreta. Upepo ukivuma wanasikika hadi huku."

"Tembo! Tangu lini tembo akaita Paker kwa lafudhi ya Machame?"

Watu walicheka, wetu na wao. Lomayani alicheka hadi akakaa chini, na hata alipokaa bado alimzidi refa urefu.

Jumamosi nikatoa kondoo. Nilimchagua aliyekonda, Bertha akamrudisha zizini, akamvuta mnene mwenyewe. Lomayani na Naisenya walifika kwa miguu.

"Paker, nimesikia kuna nyama."

"Ipo, Paker. Inanitoka mimi."

Mafuta ya mkia, sehemu tamu kuliko zote, nilikuwa nimeyaficha chini ya sufuria. Bertha akayafichua, akampa Paker wangu.