Shanga za Soila kwenye Gari la Maziwa

Uliona. Usiniambie hukuona. Jumamosi ile ulikuwa umeegemea ukuta wa gereji ya Hashim pale Korogwe, soda mkononi, na gari la maziwa la akina mama wa Misima limenyanyuliwa, tumbo wazi. Ulimwona Soila akiweka uzi wa shanga juu ya meza ya fundi. Ulisikia alichosema. Kisha ukainamia simu yako mpaka mambo yakaisha. Tulikuwa watu kumi na wawili pale, niliwahesabu, na majina ninayo. Nakusimulia upya kwa sababu leo saa kumi jioni utaulizwa, na safari hii sitaki useme mambo ya gari ni ya mafundi.

Gari unalijua. Mark Two ya mkia mrefu, otomatiki, ndoo za maziwa zimejaa mpaka kwenye kioo cha nyuma. Wanawake saba walichanga wakalinunua. Soila ndiye aliyewakusanya, boma kwa boma, kwa miguu. Dereva ni Keriako, mtoto wa shemeji yake. Na huyo shemeji, Meshaki, ndiye mwenyekiti wa kamati ya gari. Wanawake wamenunua, mwenyekiti mwanamume. Hilo nalo uliliona.

Kila alfajiri Keriako anazunguka maboma kumi na moja kwenye njia za ng'ombe kabla hajashika lami. Anasimama, mguu kwenye breki, anapakiwa, anasogea, anasimama tena. Saa tatu awe Korogwe. Ikipita hapo jua limeshapanda, na mpokeaji pale kwenye tangi la baridi anachanganya kijiko cha maziwa na spiriti. Yakiganda anatikisa kichwa. Hakuna wa kumbembeleza.

Mimi nauza oili Korogwe, kwenye kibanda cha mabati. Sikusomea gari popote. Nilisoma vitabu vilivyochanika vya magari yaliyokufa, nikauliza mpaka watu wakanichoka. Kila wiki Keriako alikuwa ananipitia, nachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, nanusa, nafuta, narudisha. Siku moja akaja gari likitetemeka kila linapotaka kuondoka.

"Dada Joyceline, gari limezeeka. Linanyanyuka kama ng'ombe mgonjwa. Wenzangu stendi wananiita bibi harusi, eti naogopa kuchafuka."

"Konveta imechoka," nikamwambia. "Inabadilishwa tu."

Konveta ni nini? Chungu cha chuma kilichojaa oili, kimekaa kati ya injini na gia boksi. Ndani yake mna mapangaboi mawili yanatazamana. Injini inazungusha la kwanza, lile linasukuma oili, oili inazungusha la pili, gari linaondoka. Ni hayo tu. Anayekwambia ni jambo gumu ana kitu anataka kukuuzia.

Hashim alikuwa na konveta mbili mezani. Moja ya kawaida, imetoka kwenye gari kama lile lile. Ya pili ndogo, nyekundu, ya magari ya mashindano. Hiyo inaiacha injini ipande mpaka mizunguko elfu tatu na zaidi kabla haijakamata sawasawa, kwa hiyo gari likiondoka linaruka. Hashim anayo kama hiyo kwenye gari lake mwenyewe. Akampakia Keriako, wakaenda mpaka Mkumbara na kurudi. Lami tupu, gari tupu, watu wawili. Keriako alirudi macho yamemtoka.

"Dada, nimegandishwa kwenye kiti. Yaani D tu, mguu kidogo, vuup."

"Mlibeba ndoo ngapi?"

"Ndoo za nini tena?"

"Na gari la Hashim linatoka siku ngapi kwa wiki?"

Hashim akacheka. "Jumamosi tu, Joyceline. Jumapili linapumzika kama mkristo."

"Fungua boneti."

Akafungua, sitasema hakufungua. Mbele ya rejeta kuna kipoza oili kipana kama meza ya shule. Gari la maziwa halina hata cha ukubwa wa daftari. Nikawaonyesha. Chini ya elfu tatu konveta ile haikamati vizuri, inateleza, na kuteleza ni kukoroga oili, na oili ikikorogwa inachemka. Gari linaloruka Jumamosi moja lina siku sita za kupoa. La kila siku litapoa lini?

"Mimi nauza anachotaka mteja," akasema Hashim.

Sentensi hiyo naijua. Nina umri wa kuijua. Mwaka tisini na moja baba yangu, Laurenti, alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja shambani, na meneja akataka aone mashine inakimbia. Wakafunga puli kubwa. Baba akasema mkanda huu ni wa kazi ya kutwa, si wa mbio. Wakamwambia wewe funga tunachotaka. Mgeni alikaa robo saa, akapiga makofi, akaondoka. Siku ya tatu mkanda ukakatika ukampiga baba begani. Kwenye kitabu wakaandika ajali. Wanaume arobaini walikuwa zamu ile, na wote walisaini kwamba hawakuona. Mpaka anazikwa, mkono wake wa kulia haukupanda juu ya sikio.

Kwa hiyo nilikwenda Misima mwenyewe. Nikamsalimia Soila, shikamoo mama, marahaba, tukakaa nje ya boma lake. Nikamweleza mapangaboi na oili kwa kutumia sufuria mbili, na mshale wa dashibodi unaohesabu mizunguko ya injini. Alisikiliza bila kuacha kutunga shanga.

"Kwa hiyo swali ni moja," akasema. "Mshale unaishi wapi."

Ndiyo. Miaka yote ya kusoma vitabu vilivyochanika, na mama huyu kalifikia kabla chai haijapoa. Chagua konveta kwa kutazama mahali mshale wa mzunguko unapoishi kutwa, si mahali unapoweza kufika.

Kesho yake alfajiri nilibandika plasta ya kidonda kwenye dashibodi, juu ya tatu, maana yake elfu tatu. Gari bado lilikuwa na konveta yake ya zamani, linatetemeka lakini linakwenda. Soila alikaa mbele, uzi mapajani, shanga nyeupe kiganja kimoja, nyekundu kiganja kingine. Mimi nyuma, kati ya ndoo, na saa ya simu. Kila dakika nasema, "Sasa." Mshale ukiwa chini ya plasta, nyeupe. Ukipita, nyekundu.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Boma la kwanza, la pili, la tatu. Keriako akaanza kuona uzi unavyokwenda, akakanyaga resi makusudi kwenye makorongo. Ndoo zikagongana.

"Yeyo, mama, hiyo nyekundu."

"Nimeiweka. Ukikanyaga tena tutafika na siagi."

"Naonyesha tu gari linahitaji nguvu."

"Linahitaji dereva mwenye akili. Endesha unavyoendesha nikiwa sipo, maana najua unaendesha polepole. Nakusikia kila siku ukiondoka, kuku hawakimbii hata."

Nilicheka nusura nikose dakika moja. Hata yeye alicheka, Keriako, si kijana mbaya. Tuliingia Korogwe na uzi umejaa. Nyeupe mia na arobaini na tatu. Nyekundu saba, na mbili kati ya hizo za kujionyesha.

Uzi huo ndio uliouona mezani kwa Hashim. Soila aliulaza kati ya konveta mbili, akasema, "Gari letu linaishi kwenye nyeupe. Tufungieni ya nyeupe." Hashim aliutazama muda mrefu. Anaelewa, msiniambie haelewi, ni fundi mzuri. Akamgeukia Meshaki.

Meshaki alikuwa amesimama na fimbo yake begani. "Shemeji, shanga ni za shingo. Gari la kikundi chetu haliwezi kuchekwa stendi. Fungeni nyekundu."

Keriako alikuwa na nafasi ya kusema. Alikaa kwenye gari lile dakika mia na hamsini. Akatazama chini. Hashim akachukua spana. Na wewe ukatazama simu.

Soila alifunga ule uzi mkononi, akatoka.

Siku ya kwanza gari liliruka. Stendi walimshangilia Keriako. Siku ya pili akaniambia linakula mafuta kidogo zaidi, na kwenye maboma lazima alipigishe kelele ndipo lisogee. Nilichomoa kijiti. Oili iliyokuwa nyekundu kama rozela ilikuwa imeanza kuwa kahawia. Nikamwambia usilipeleke kesho. Akasema baba kasema ni la kuzoea.

Siku ya nne, boma la tisa. Mguu kwenye breki, gia kwenye D, injini inaunguruma, jua linatoka. Taa ya onyo ikawaka. Harufu ikaja, kama sukari inayoungua chini ya sufuria. Akaachia breki, gari halikwenda. Akaongeza resi, halikwenda. Injini inalia, magurudumu kimya. Alinipigia simu, nikasikia ng'ombe nyuma yake, na akina mama wakiuliza vipi, vipi, na yeye anarudia tu, "Haikamati. Dada, haikamati."

Ndoo zilikuja kwa bodaboda, mbili mbili. Za mwisho zilifika saa sita na nusu. Nilikuwa pale kwenye tangi, nimesimama na Soila. Mpokeaji alitia spiriti, akatikisa kijiko. Vipande. Ndoo ya pili, vipande. Alisogeza tu ndoo kando. Lita mia na sitini tulizimwaga kwenye majani nyuma ya uzio. Soila aliosha ndoo moja moja kwa maji ya bomba, polepole, kama kesho yake zingejaa. Uzi bado ulikuwa mkononi mwake. Hakunitazama. Angenitazama ningelia, na yeye hakuwa na muda wa kilio changu.

Sasa sikiliza vizuri. Gari halijafa. Hashim amemwaga oili, ameichuja kwa kitambaa, chembe za chuma ni chache. Anasema ikifungwa konveta ya kawaida na oili mpya wiki hii, gia boksi itaishi. Konveta hiyo bado iko mezani kwake. Kesho asubuhi anakuja mtu wa Moshi kuichukua, na nyingine kama ile hana. Meshaki anataka nyekundu ibaki, waongeze kipoza kama cha Hashim, na Keriako afundishwe kukanyaga. Kipoza kitapunguza joto, sikatai. Lakini asubuhi nzima ya kusimama na kusogea na mshale chini ya plasta, konveta itateleza tu, na akina mama watalipia mafuta ya kuchemsha oili.

Keriako jana alikuja kibandani. Alikaa juu ya dumu, akasema atasimama mkutanoni aseme alichokiona kwenye mshale. Kisha akaniuliza, "Nikisimama peke yangu mbele ya baba, nitafanyaje?" Nikamfikiria baba yangu, aliyesimama peke yake.

Mkutano ni leo, saa kumi, kwenye banda la maziwa Misima. Kila aliyekuwepo gereji ameitwa shahidi, na wewe ulikuwepo. Soila ataweka ule uzi mezani kwa mara ya pili. Inuka hapo ulipo. Zima simu. Panda gari, panda pikipiki, tembea, njoo, na ikiulizwa nani aliona, nyanyua mkono kabla ya Keriako ili asiwe wa kwanza.