Ukingo Usiosuguliwa

Fundi seremala hakuwa akitoa kitu chenye ukingo mkali katika karakana yake. Tangu kitanda chake cha kwanza kilipomchana mtoto wa jirani paji la uso, kila ubao aliusugua kwa msasa hadi ukawa laini kama sabuni. Hivyo ndivyo alivyoyatengeneza pia maumbo sita ya mbao ya binti yake, Chiriku, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka mitatu, lakini mdomo wake haukupoteza kitu.

Jumatatu Chiriku angepimwa. Mwalimu mkuu alikwisha kusema: akiyatambua maumbo kwa kuyashika, ataingia darasa la nne na wenzake wa mtaani. Akishindwa, atabaki chumba cha nyuma na watoto wa chekechea kwa mwaka wa pili.

Jumamosi, shangazi yake, aliyekuwa mwalimu shuleni hapo, alisukuma takataka za randa, akaketi kwenye benchi la kazi na kumpa umbo moja.

"Haya, mama. Lina nyuso ngapi?"

Chiriku alipapasa. "Tano."

"Kingo?"

Vidole vikazunguka, vikasita, vikarudi vilikotoka. "Saba. Hapana, kumi. Shangazi, hazishikiki."

"Vipeo, zile ncha, je?"

"Halina hata kimoja."

"Basi ni umbo gani?"

"Kiazi."

Shangazi aliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alimvuta dada yake kando, akanong'ona, "Labda tumemkimbiza mno. Tungoje mwakani."

"Sioni, Baba, lakini nasikia," alisema Chiriku.

Shangazi aliligeuzageuza lile umbo, akakunja uso. "Kaka, hebu funga macho." Akaliweka kiganjani mwake. "Nini hiki?"

Fundi alilipapasa kwa muda mrefu. Alikuwa amelikata mwenyewe, amelipiga randa mwenyewe. "Piramidi," alisema mwishowe.

"Fumbua."

Lilikuwa mche pembetatu, umbo kama paa la nyumba.

"Fundi mzima," alisema dada yake taratibu. "Yote mawili yana nyuso tano. Kingo na vipeo ndivyo vinavyoyatenganisha, na wewe umevifuta kwa msasa."

"Niliogopa atajikata."

"Najua."

Chiriku akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Swali hilo lilimwingia baba yake kama msumari. "Si wewe, mwanangu," alisema. "Ni mimi."

Jumapili alikata mbao upya. Mara tatu mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye msasa, na mara ya tatu akaukunja msasa, akautia mfukoni. Chiriku alilipokea umbo la kwanza, akashtuka.

"Limenichoma."

Fundi alinyoosha mkono alichukue, kisha akaurudisha.

Binti alikwisha kubana kipeo kimoja kwa dole gumba ili asipotee, huku kidole kingine kikifuata kingo moja moja. "Nyuso tano. Kingo nane. Vipeo vitano. Hii ndiyo piramidi, yenye kitako cha mraba. Nipe jingine, upesi."

Jumatatu, mwalimu mkuu alimpa boksi la chaki kutoka mezani kwake. Fundi alisimama mlangoni.

"Mche mstatili," alisema Chiriku. "Nyuso sita, kingo kumi na mbili, vipeo vinane. Ila kimoja kimebonyea, mwalimu. Uliliangusha?"

Mwalimu mkuu alilitazama boksi, akajikuna kisogo. "Nililiangusha, kweli. Nenda ukakae dawati la mbele."

Fundi alimsindikiza darasani. Wakati binti akiketi, baba alipitisha kiganja ukingoni mwa dawati. Ulikuwa mkali. Mkono ukaingia mfukoni, ukaugusa msasa, ukakwaruza.

"Baba," alisema Chiriku, tayari akilipima dawati kwa vidole, "liache. Nahesabu."

Akauacha msasa mfukoni, akatoka.